Ukuta Kwenye Maji Baridi

Rochelle alilitoa neno lile wakati baba yake ana kijiko mdomoni, akitumaini kwamba mtu anayekula hana nafasi ya kugomba.

"Baba, itabidi tufunge bomba."

Mzee Thurman alimeza. Akachota maharage mengine, akayatafuna taratibu, akayameza nayo. "Bomba lipi?"

"La kijitoni. Letu."

"Nani anataka lifungwe?"

"Baraza la kabila limeomba. Kila mwenye bomba kwenye kijito alifunge mpaka samoni wachanga wapite."

"Limeomba au limeamuru?"

"Limeomba."

"Basi liambie baraza nimesikia." Akarudi kwenye sahani yake.

Dewey, mume wa Rochelle, alicheka puani. "Masikio anayo mzee wetu. Miguu tu ndiyo inamgomea."

"Bora mimi niliyekatwa vidole viwili vya mguu," mzee alijibu bila kuinua uso. "Wewe vyako vyote kumi vipo, na kazi huna."

Dewey akaikodolea sahani yake, maana ilikuwa kweli. Tangu kazi ya barabara isimamishwe mwezi wa tatu, nyumba ile ilikuwa inakula mshahara wa Rochelle na posho ya uzeeni ya baba mkwe wake. Utani kama huu ulipita mezani kila siku, na kila siku ulimwuma kidogo.

Rochelle alikuwa amechoka hoi. Alikuwa na kazi ya kuhesabu samaki kwenye mtego wa idara ya uvuvi ya kabila lao la Wayurok, lile pipa kubwa la chuma linalozungushwa na mkondo wa mto Klamath na kuwamwaga samoni wachanga ndani ya sanduku la maji. Kazi yake ilikuwa kuwatoa kwa kichujio, kuwapima urefu, kuwaandika, na kuwaachia waendelee na safari yao ya baharini. Zamani aliipenda kazi hiyo. Mwaka huu alikuwa akifungua kifuniko cha sanduku huku amegeuza uso pembeni.

Ugonjwa uliokuwa ukiwaua samaki haukuwa mgeni. Kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachokaa ndani ya vinyoo vya sakafu ya mto, na tangu enzi za mababu kijidudu kilikuwepo na samaki walikuwepo, wakavumiliana. Lakini maji yalikuwa yanazuiliwa kule juu kwenye mabwawa na mashamba, na yale machache yaliyoshuka yalifika vuguvugu na ya kijani. Hapakuwa na mafuriko ya kuisugua sakafu, vinyoo vikajaa kila jiwe. Na samaki mwenye urefu wa kidole, aliyekwisha kuchoshwa na joto, atapigana na nini?

"Wanakufa wangapi?" mzee aliuliza ghafla.

"Leo, kila kumi tuliowatoa, saba walikuwa wameshakufa. Hao watatu wazima nao matumbo yamejaa maji."

Mzee Thurman aliweka kijiko chini. Mguu wake wenye bandeji ulikuwa juu ya kigoda, na aliutazama kama wa mtu mwingine. Lile bomba alilitandika mwenyewe siku alizokuwa mkata magogo, akipanda mteremko na vipande vyake begani baada ya kazi, kwa kuwa maji ya serikali hayakufika upande ule wa mto, na mpaka leo hayajafika. Wageni wote wa nyumba ile walipewa maji yake wanywe kabla ya kuulizwa habari za safari.

"Na wakifika mdomoni mwa kijito?"

"Ndiko wanakokimbilia, Baba. Maji ya kijito ni baridi, wanapumzika pale. Ila kijito kimebaki kiuzi tu. Tunakinywa."

Mzee aliisukuma sahani kando. Halafu mzee akasema, "Dewey. Wewe mwenye vidole kumi. Nenda kafunge koki."

Bomba la jikoni lilikoroma, likatema hewa mara mbili, likakauka.

Maisha bila bomba yalikuwa kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza. Kila jioni Dewey alipakia mapipa ya bluu kwenye pikapu na kwenda kuchota dukani, maili nane za barabara ya kona, na mwenye duka alimruhusu kwa sharti kwamba wateja wa kweli wahudumiwe kwanza. Dewey alisimama pembeni na mpira wake mkononi, akiwaona watu aliosoma nao wakijaza mafuta na kumpungia. Petroli iliyochomwa na maji yale ilitoka kwenye fedha ya chakula. Rochelle alijifunza kuosha vyombo kwa beseni moja, na maji hayo hayo kumwagia choo.

Kidonda cha mzee ndicho kilichomtia hofu. Nesi alikuwa amesema kioshwe kila siku kwa maji safi na kisiloweshwe ovyo. Siku moja pikapu iligoma kuwaka, mapipa yakawa matupu, na nesi anakuja kesho yake. Rochelle akachukua ndoo, akapanda kwa Leland.

Leland alikuwa jirani yao wa juu, na bomba lake lilitoka kijito kile kile. Hakulifunga. Alikuwa anamwagilia bustani yake, na maji yalikuwa yanang'aa kwenye majani kiasi kwamba Rochelle alitamani kukaa katikati yake.

"Dada Rochelle! Karibu. Umekuja kunihubiria tena habari za vijisamaki?"

"Nimekuja kuomba maji ya kumwoshea Baba kidonda."

"Maji yangu au ya samaki wako?"

Angeweza kumjibu. Ulimi wake haukuwa mzito siku nyingine. Lakini kidonda hakikungoja, na aliinyoosha ndoo tu, uso umemwiva kwa aibu. Leland aliijaza mpaka juu, akaongeza na chupa mbili, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kushinda.

"Mwambie mzee namsalimia," alisema. "Na mwambie Klamath haujazwi kwa bomba la nyumba moja."

Rochelle hakulifikisha neno hilo nyumbani, lakini Leland mwenyewe alilifikisha wiki ile ile, alipopita na gari lake na kuliimba dirishani. Mzee Thurman alikasirika kiasi kwamba rangi ilimrudi usoni. Asubuhi iliyofuata alidai magongo yake na kiti cha kukunja, na akamwamuru Dewey ampeleke mdomoni mwa kijito.

Walikaa huko mchana kutwa. Rochelle aliporudi kutoka mtegoni aliwakuta, baba yake kwenye kiti chini ya mierebi, mguu wenye bandeji umefungwa mfuko wa plastiki, na Dewey majini mpaka kiunoni, anabeba mawe.

"Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Hivi ulizaliwa na mikono hiyo au uliazima?"

"Mzee, jiwe hili ni zito kuliko mama mkwe wangu, Mungu amrehemu."

"Mama mkwe wako angeshalipanga."

"Mnafanya nini?" Rochelle aliuliza.

Baba yake alimgeukia, na Rochelle akashtuka kumwona anatabasamu. "Maji baridi yanafika hapa halafu yanapotea papo hapo. Mto unayameza. Vitoto vinapata ukanda wa upana wa mkeka, basi. Sasa tunayawekea ukuta. Maji yakae, samaki wakae. Mlango mdogo ule pale, anayetaka kwenda zake aende."

Rochelle aliutazama ukuta. Ulikuwa umepangwa vizuri, jiwe limekaa juu ya jiwe, upinde mzuri kutoka ukingo hadi ukingo. Alijua vilevile, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwamba samaki waliochoka ukiwabananisha mahali pamoja mgonjwa mmoja anawatosha wote. Neno lilimfika kooni. Lakini baba yake alikuwa ameomba chakula mara mbili siku hiyo, Dewey alisema. Tangu atoke hospitali hakuwahi kuomba chakula.

"Umekaa vizuri," alisema.

Na kweli samoni walikuja. Jioni ya pili walikuwa wachache, ya tatu kundi, na kufikia mwisho wa wiki dimbwi lile lilikuwa jeusi kwa migongo yao, wamejipanga vichwa mbele kwenye maji baridi. Habari ilipanda na kushuka mto. Watu walileta watoto waone. Mwenye duka alikuja na mkewe, na kesho yake Dewey akajaziwa mapipa kabla ya wateja wa kweli, akapewa na kahawa. Mwanamke mmoja mzee kutoka ng'ambo alikaa kando ya Mzee Thurman akilia bila kujificha, akisema hajawaona samoni wachanga wengi namna hii tangu alipokuwa binti.

Leland alikuja wa mwisho. Alisimama na mikono mifukoni muda mrefu.

"Haya, mzee," alisema hatimaye. "Umenipiga bao."

"Sikukupiga. Nimekaa tu kwenye kiti."

"Nimefunga langu leo asubuhi. Bustani itajijua."

Mzee Thurman hakumcheka, na kwa mtu wa ulimi kama wake hiyo ilikuwa heshima kubwa. Usiku ule alilala bila dawa ya maumivu. Rochelle alimsikia akikoroma kupitia ukuta wa mbao, akafurahi, na furaha yenyewe ilimwuma, kwa sababu jioni hiyo, alipoinama kunawa mikono dimbwini, alikuwa amemwona samaki mmoja mwenye baka jeupe mgongoni.

Samaki mmoja si hoja, alijiambia. Siku ya pili akawaona kadhaa. Siku ya tatu akaacha kunawa pale.

Mina, mtaalamu aliyekuwa mkuu wake kazini, alikuja bila kuitwa. Alikuwa msichana mpole kutoka mjini, mwenye tabia ya kuomba samahani kabla ya kusema jambo. Alimsalimu Mzee Thurman, akasifu ukuta, akaomba ruhusa ya kuchota samaki wachache, akapewa kwa fahari. Halafu alimwita Rochelle nyuma ya gari na kumfungulia mmoja shavu kwa ncha ya kidole. Ndani, pale panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa na uozo wa manjano.

"Samahani, Rochelle. Lakini umeshaona."

"Nimeona."

"Maji yamesimama na yanapata joto humo ndani. Wamebanana mno. Wana ule ugonjwa wa mtoni tayari, na sasa huu wa mashavu unawarukia mmoja baada ya mwingine. Wiki ijayo hapatakuwa na kitu hapa."

"Wakitoka je? Mto si ndio unaowaua?"

"Utaua wengi. Lakini jua likizama maji yanapoa kidogo, na wakishuka mpaka kule kwenye ukungu wa bahari, baadhi wana bahati. Humu hawana." Mina alifuta kidole chake kwenye suruali. "Siwezi kuwaamuru. Ardhi ni yenu na ukuta ni wa baba yako. Nataka tu ujue ninachokijua."

"Nilikijua siku ya kwanza, Mina," Rochelle alisema. Alikuwa hajawahi kulitamka hilo hata peke yake.

Mina alimwekea mkono begani. Rochelle angependa alaumiwe. Lawama angeweza kuibeba.

Alimkuta baba yake kwenye kiti chake, anawarushia samaki makombo ya mkate ambayo hawakuyala. Wachache walikuwa wanaelea ubavu kandokando ya mawe. Dewey alikuwa anawaopoa kwa koleo na kuwatupa vichakani kila mzee alipogeuza shingo. Kumbe naye alikuwa anajua.

"Baba."

"Wanalala sana leo. Joto."

"Hawalali. Wanakufa. Wanaambukizana humu ndani. Inabidi ukuta uvunjwe."

Mkono wa mzee uliokuwa na mkate ulibaki hewani. "Huyo msichana ndiye aliyesema?"

"Amesema. Lakini mimi nilijua kabla yake."

"Tangu lini?"

"Wagonjwa niliwaona juzi kule. Kwamba wataumwa, nilijua siku mlipokuwa mnapanga mawe."

"Na ukaniambia umekaa vizuri."

"Nilikuambia."

"Mimi ni mtoto?" Sauti yake haikupanda, na ndiyo iliyomtisha Rochelle. "Nimekatwa vidole, sijakatwa kichwa. Watu wametoka ng'ambo kuja kuangalia. Leland amefunga maji yake. Nimekaa hapa nimejivuna kama jogoo, na binti yangu, mwenye kazi ya samaki, anajua ninawaua, ananipikia supu."

"Ulikuwa unakula, Baba!" Rochelle alipaza sauti bila kutaka. "Ulikuwa unakula na unalala! Miezi mitatu nakuona umelala umeugeukia ukuta. Ningefanyaje? Nilichoka. Nilitaka kitu kimoja kwenye nyumba ile kiwe kizima."

Akakaa chini kwenye changarawe. Dewey, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, alisimama na koleo lake, na mzaha wote umemwishia.

Mzee Thurman alitazama ukuta, kisha akautazama mto mpana, wa kijani, mvivu, unaopita nyuma yake.

"Wazee wetu walijenga uzio wa kunasia samaki kuvuka mto mzima," alisema. "Bibi yangu aliuona mmoja akiwa mdogo. Unajua alinieleza nini?"

"Kwamba ulikuwa mzuri."

"Alinieleza namna ulivyovunjwa. Kila aliyesikia habari zile aliuliza namna walivyoujenga. Yeye aliongea kuhusu kuuvunja. Siku ikifika, samaki wamejaa au hawajajaa, wanauvunja wenyewe, samaki wawafikie watu wa juu. Mtu ukiomba uachwe walau mpaka kesho, unaonekana huna akili." Alivuta pumzi. "Mimi nikajenga, sikupanga siku. Nipe mkono."

"Mguu wako, Baba. Nesi amesema..."

"Nesi hakujenga ukuta huu."

Aliingia majini na bandeji yake, mfuko wa plastiki umepasuka pembeni, Dewey amemshika kwapa moja na Rochelle jingine. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima na upepo wa kutoka baharini umeanza kupanda bonde. Jiwe la kwanza alilitoa mwenyewe, jiwe la juu, dogo. Mengine Dewey aliyatupa pembeni moja moja, na hakuna aliyetaniana naye. Leland alikuwa akishuka njia ya mteremko, labda amekuja kuwatazama samaki. Alisimama, akaona, akafungua mdomo.

"Wanakufa, Leland," Rochelle alimwambia kabla hajauliza. "Tulikosea."

Alingoja kejeli. Leland alivua viatu, akaingia, akashika jiwe.

Ukuta uliondoka mpaka sakafu. Kijito kikamwagika wazi mtoni, ukanda mwembamba wa maji baridi ukajichora kwenye maji ya kijani kama zamani, na wote wanne wakasimama kuwangoja samoni watoke.

Hawakutoka.

Walikuwa wamejikunja pale pale kundi zima, vichwa vimeelekea kijitoni, wameupa mto kisogo. Waliuonja ule mkondo wa joto wenye ugonjwa ndani yake, na wakarudi nyuma. Dewey alipiga maji kwa kiganja. Wakahama upana wa mkono, wakarudi.

Mzee Thurman alivua kofia yake. Akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akaanza kuyapiga maji nayo, kwa nguvu, kofi baada ya kofi, akipepesuka juu ya mguu uliopungua vidole.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni hapa, wapumbavu nyie! Hakuna kitu hapa! Nendeni!" Sauti yake ilikatika, akaivuta tena. "Nani aliwaambia hapa ni kwenu? Nendeni zenu!"

Kundi lilitikisika. Wa mwanzo waligeuka, wakateleza kwenye maji ya kijani, wakapotea. Wengine wakawafuata kwa mafungu, na wengine wakageuka njiani wakitaka kurudi, naye akawapiga kofia usoni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hana habari nayo.

"Wangapi watafika?" alimwuliza Rochelle bila kumtazama.

Rochelle alikuwa na majibu mengine ya kuchagua, yote matamu.

"Wachache, Baba. Wachache sana."

Mzee alitikisa kichwa, akahema, akaonyesha kwa kofia iliyolowa chini ya mierebi, ambako fungu la mwisho lilikuwa limejibana gizani kwenye mizizi. "Basi watoe na wale," alisema. "Mimi siwafikii."

Rochelle alipiga magoti majini, akaingiza mikono yote miwili chini ya mizizi, na akaanza kuwasukuma.